Ringi ya Nyuma

Mimi ni seremala, na seremala hapendi kuambiwa kwamba kitu kimekufa. Mlango ukipasuka tunauunga, mguu wa meza ukilegea tunautia kabari, na mara nyingi pale palipoungwa ndipo panapokuwa imara kuliko kwingine kote. Nimeishi na imani hiyo tangu ujana na imenilisha vizuri. Mara moja tu ilinidanganya, tena ilinidanganya kwa gurudumu la baiskeli, kitu ambacho hakina hata kibanzi cha mbao ndani yake.

Miaka ya hamsini nilikuwa Mpanda, nikifanya kazi machimboni upande wa karakana ya mbao. Nilikuja kutoka Unyamwezi kwa reli, ambayo siku hizo ilikuwa bado ngeni kiasi kwamba watu walikwenda stesheni kuangalia treni hata kama hawakuwa na wa kumpokea. Nilijenga nyumba ndogo Kawajense, palipokuwa na nyumba za kuhesabu na mihogo mingi kati ya nyumba na nyumba. Nilioa Mpimbwe, binti mpole wa maneno machache, na nilinunua baiskeli nyeusi. Baiskeli nilikuwa naifuta kwa kitambaa kila Jumapili, mbele na nyuma, mpaka chini ya tandiko. Mke wangu alikuwa ananitazama tu kutoka jikoni, na kama alikuwa na la kusema hakulisema.

Jumamosi moja mwishoni mwa masika nilifunga mbao tatu za mninga kwenye keria, nikitaka kwenda kumtengenezea mtu kitanda. Nilikuwa na haraka, nikafunga kwa kamba ya gome badala ya mpira. Kwenye mteremko karibu na reli ubao mmoja ukateleza, ncha yake ikaingia katikati ya spoku za gurudumu la nyuma. Baiskeli ikasimama, mimi nikaendelea. Nilipojizoa na kurudi kuangalia, spoku kumi na moja zilikuwa zimekatika na ringi imekunjika kama ungo uliokaliwa na mtu mnene. Nilibeba baiskeli begani mpaka nyumbani, watoto wa njiani wakinipa pole kwa sauti za kunicheka, na usiku ule sikula vizuri.

Fundi wa baiskeli pale mjini alikuwa Mfipa mmoja aliyekaa kwenye baraza la duka la Mwislamu mmoja mwenye maneno ya taratibu. Alikuwa fundi hasa. Alikuwa anaweza kuzungusha gurudumu, akafumba macho, akakuambia kwa kusikiliza tu ni spoku ipi imelegea. Tatizo ni kwamba alikuwa mtani wangu. Wafipa na sisi Wanyamwezi ni watani, na kwa mtu asiyejua mambo haya, maana yake ni kwamba yule bwana alikuwa na ruhusa ya kunitukana mbele za watu, kuninyang'anya kofia, kuniita mtumwa wa babu yake na kudai kwamba mke wangu ni wake, nami sikuwa na ruhusa ya kukasirika. Ningekasirika, mimi ndiye ningeonekana mwenye kosa. Nami nilikuwa namrudishia vilevile, tena kwa riba.

Kila alipotuona tunapita, mke wangu amekaa upande kwenye keria, alipaza sauti kutoka pale barazani kwamba namtesa mke wake, kwamba ni heri nimshushe atembee kuliko kupakiwa na mpagazi. Nilimjibu kwamba arudi kwao akale ugali wake wa ulezi na asituletee njiani radi za uchawi wa Wafipa kwa wivu. Watu wa barazani walicheka kila mara, ingawa maneno yalikuwa yaleyale. Mke wangu alikuwa anajifunika uso kwa kanga. Yeye hakuwa mtani wa mtu yeyote pale, alikuwa shemeji tu.

Jumatatu nilimpelekea fundi ile baiskeli. Alilitazama gurudumu, akaniuliza kama nililala juu yake, kisha akasema ninunue ringi nyingine. Ringi za nyuma zilikuwa zimekwisha dukani, lakini mwenye duka alikuwa na shehena inayokuja na treni ya Ijumaa. Nilisema sitaki nyingine, anyooshe hiyohiyo. Akasema chuma si mninga. Nikamwambia basi atoe ringi ya mbele aiweke nyuma, maana mbele hapabebi mzigo. Hapo alicheka mpaka akaketi. Aliwaita watu waje wamwone Mnyamwezi asiyejua kuhesabu: ringi ya mbele ina matundu thelathini na mawili, ya nyuma ina arobaini, na hizo spoku nane zilizobaki ningezichomeka wapi, masikioni? Niliondoka bila kukata shauri. Nilikuwa na muda, au nilidhani ninao, na kwangu jambo lile lilikuwa ubishi wa watu wawili wanaojua kazi zao.

Jumanne jioni ndipo mambo yalipobadilika. Alikuja Mpimbwe mwingine, kijana wa kijiji cha mke wangu, aliyetembea siku tatu kuja kutafuta kazi machimboni. Hakukaa hata kwenye kigoda tulichompa. Alisema mama wa mke wangu ni mgonjwa, mwili umevimba, na ametuma neno. Alilisema kama alivyolipokea: "Anasema uje angali anaweza kusema."

Inabidi nieleze kwa nini neno lile lilikuwa zito. Mama mkwe hakuwa ametaka binti yake aolewe na mtu wa mbali. Alikuwa na kijana wake aliyemtaka, ng'ambo ya kijito tu, na mimi nikaja na baiskeli yangu na maneno ya mjini. Hakukataa. Mahari aliipokea, lakini siku ya kumsindikiza binti alibaki ndani. Alipeleka ujumbe kwa shangazi mtu kwamba ana maneno ya kumwambia mwanawe, ila si leo, atamwambia siku nyingine. Miaka mitatu ilikuwa imepita tangu hapo na hiyo siku nyingine haikuwa imefika. Mke wangu hakulizungumzia jambo hilo, lakini nilijua analifikiria, maana kila alipokuja mtu kutoka kwao swali lake la kwanza lilikuwa kama mama amesema chochote.

Jioni ile aliketi kwenye kizingiti, akasema, "Tutembee. Tukiondoka alfajiri, siku ya tatu tumefika."

Lori hazikuwa zimeanza kupita, barabara ilikuwa bado laini kwa mvua. Kuliko kuazima baiskeli ya mtu kwa safari kama ile, ilikuwa afadhali kumwomba meno yake. Lakini kutembea! Mimi, mwenye baiskeli? Nilimwambia asijali. Kesho fundi atanyoosha ringi, keshokutwa alfajiri tunaondoka, na kwa baiskeli ni siku mbili tu. Niliyasema haya kwa sauti ya mtu anayejua. Mimi niliyekuwa napima ubao mpaka unene wa ukucha, hesabu ile sikuipiga. Siku moja ya kungoja na siku mbili za kupanda ni siku tatu, sawasawa na miguu, na miguu haina spoku. Alinitazama kidogo, akainuka kwenda kutwanga. Hakurudia tena.

Jumatano nilishinda kwa fundi tangu asubuhi. Nilimweleza jambo lilivyo, naye akaacha kazi za watu wengine. Alitoa tairi, akalaza ringi chini, akasimama na mguu huku na mguu huku, akaivuta kwa mikono mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Kisha aliigonga kwa nyundo juu ya kipande cha gogo nilichomletea mwenyewe kutoka karakana. Alichagua spoku kutoka magurudumu makuukuu aliyoyatundika ukutani, moja baada ya nyingine, akipima urefu kwa kidole. Aliporudisha gurudumu kwenye uma alishika kipande cha chaki karibu na ringi na kuizungusha, na pale chaki ilipogusa alilegeza hapa na kukaza kule. Ilikuwa kazi nzuri. Mpaka leo nasema ilikuwa kazi nzuri, na nilipoliona gurudumu linazunguka karibu limenyooka nilijisikia kama mtu aliyeshinda kesi.

Halafu alilisimamisha, akatema mate kwenye kidole, akasugua mahali fulani karibu na tundu la kujazia upepo. Aliniita niangalie. Palikuwa na ufa mwembamba kama unywele, unaanzia kwenye tundu la spoku kuelekea ukingoni. Nilimwambia ufa kama ule kwenye mbao ningeuziba kwa gundi na unga wa msumeno, na mwenye mlango asingejua mpaka anakufa.

Wakati huo mke wangu alikuwa amefika. Alikuja na mzigo wake umekwisha kufungwa, kuona kama tuko tayari. Alisimama chini ya baraza, hatua tatu hivi kutoka kwetu. Fundi alimwamkia, akamwita shemeji kama kawaida, kisha akanigeukia mimi. Alikuwa bado amechuchumaa, mkono uko juu ya gurudumu.

"Mtani, nisikilize," alisema. "Hii uipande peke yako, tena polepole. Mkeo usimpakie. Ngoja ringi ya Ijumaa."

Nilisikia. Nilisikia hata jambo moja ambalo lilipaswa kunishtua. Kwa miaka mitatu yule mtu hakuwahi kumwita mke wangu "mkeo". Alikuwa siku zote "mke wangu", wake yeye, niliyemwiba. Nililisikia, na badala ya kujiuliza kwa nini, niliona nimepata nafasi ya kumpiga bao.

"Leo umekubali ni mke wangu?" nikasema. "Jamani, nyie ni mashahidi, Mfipa amerudisha mke wa watu."

Baraza zima liliangua kicheko. Mwenye duka mwenyewe alitoka ndani kuuliza kumetokea nini. Na fundi naye alicheka, kwa sababu mtani akijibiwa vizuri hana budi kucheka, ndivyo desturi ilivyo. Alicheka, akatikisa kichwa, akajifuta mikono kwa kitambaa. Sikumbuki kama alitaka kusema tena. Huenda alifungua mdomo, lakini mimi nilikuwa nimekwisha kushika usukani. Mke wangu hakucheka, nami nikadhani ni kwa ajili ya mama yake.

Alhamisi tuliondoka kabla jua halijatoka. Asubuhi ilikuwa ya baridi nzuri, barabara imeshikana, majani marefu yanatudondoshea umande miguuni. Mke wangu alikaa keriani na mzigo mapajani. Gurudumu lilikuwa linayumba kidogo sana, kiasi cha kulisikia kwenye tandiko tu, na baada ya saa moja nikalizoea. Kwenye kizuizi cha mbung'o tulisimama kama kila mtu. Mlinzi alituzunguka na wavu wake, akatupangusa migongo, akaangalia chini ya keria na ndani ya mzigo asije mdudu akasafiri nasi. Alipofika nyuma alilitikisa gurudumu kwa mkono. Akasema mwenye baiskeli hii ana moyo. Nilimjibu kwamba mwenye baiskeli hii ana fundi.

Tulipita Sitalike jua likiwa utosini. Nilifurahi kupita kiasi. Tulivuka mto, nikamwambia mke wangu kwamba yule Mfipa angekuwepo ningemtoza kofia. Nilikuwa bado nazungumza, nimegeuza kichwa nusu ili anisikie, gurudumu lilipoingia kwenye mfereji mdogo wa maji ya mvua uliokata barabara. Haukuwa shimo hata la kuvunja yai. Nilisikia mlio mmoja mkavu, kama kijiti kinapovunjwa kwa goti, kisha baiskeli ikalala kwa upande wa nyuma taratibu, ikatushusha chini wote wawili kwenye tope. Hatukuumia hata kidogo. Mke wangu alisimama, akaukung'uta mzigo, akaanza kutembea.

Hakungoja niangalie. Ringi ilikuwa imeachana pale kwenye ufa, ncha mbili zimepishana, tairi limetoka ulimi. Hata seremala aliona kwamba hapo hapana la kuunga. Nililiinua gurudumu la nyuma kwa keria, nikaisukuma baiskeli kwa gurudumu la mbele, na nikamfuata. Ningeweza kuiacha pale kwa mtu au kuificha majanini. Sikuiacha. Nilijiambia itaibwa, lakini ukweli ni kwamba niliona aibu kufika kwa wakwe mikono mitupu bila ile baiskeli iliyonipa binti yao.

Tulilala kwenye kambi ya watu wa barabara, waliotupa mahali karibu na moto bila maswali mengi. Ijumaa tulitembea kutwa kwenye mbuga, tukisimama kila tulipoona nyati mbali, tukingoja waamue wanakokwenda. Mke wangu alikuwa mbele muda wote. Sikuwahi kujua kwamba ana hatua ndefu namna ile, maana miaka yote mitatu nilikuwa nampakia. Mimi nilikuwa nyuma na mzigo wangu wa chuma, mkono wa kulia ukifa ganzi, nikibadilisha wa kushoto. Kila nilipotaka kusema neno nilikuta halina maana. Nilikuwa najua saa ile ile treni inaingia Mpanda na ringi mpya ndani yake.

Tulifika Jumamosi jua likikaribia kuzama.

Kwa desturi ya kule mkwe wa kiume na mama mkwe hawaonani uso kwa uso. Nikimkuta njiani naacha njia, naye anageuza kichwa. Kwa hiyo nilisimama mbali, karibu na kihenge cha mahindi, na baiskeli yangu imeegemea ubavuni pangu, nikamwona mke wangu akiingia ndani. Wanawake walikuwa wengi mlangoni. Hakuna aliyelia, na nikashukuru. Baadaye akatoka mama mmoja mzee, dada wa mgonjwa, akanijia. Aliniamkia kwa adabu yote ya mtu anayemsemesha mkwe, akaniuliza habari za njia. Kisha akaniambia kwamba mgonjwa yu hai, anapumua, lakini hasemi tena. Mpaka jana jioni alikuwa anasema vizuri. Kutwa ya jana alikuwa anauliza kama wamesikia kengele. Alijua binti yake atakuja kwa baiskeli, kwa sababu mume wake ni yule wa baiskeli, na kila kengele iliyopita njiani aliwaambia watoke watazame.

Jana jioni ilikuwa Ijumaa. Hapo ndipo hesabu ilipokuja yenyewe, bila kuitwa. Jumatano, Alhamisi, Ijumaa. Tungetembea kama mke wangu alivyosema, tungekuwa tumeingia uwanja ule jana jioni, mama mtu anasema. Nilikuwa na huzuni, lakini zaidi ya huzuni nilikuwa na hasira na nafsi yangu ambayo sijaweza kuimaliza mpaka leo.

Yule mama mzee alikuwa bado amesimama. Aliitazama baiskeli, akatazama gurudumu lililokunjika, halafu akaniuliza kama kengele yake inalia. Nikasema inalia. Akasema, "Basi ipige, baba."

Nilipiga kengele pale nilipokuwa nimesimama, karibu na kihenge, baiskeli haiendi popote. Nilipiga mara ya kwanza kidogo kwa haya. Kisha nilipiga kwa nguvu, mara nyingi, mpaka watoto wa jirani wakakimbilia njiani kutazama nani anakuja. Mke wangu aliniambia baadaye kwamba mama yake hakufumbua macho, lakini kidole gumba kilisogea kwenye kiganja chake, kikabonyeza, kikaachia, kikabonyeza tena. Alisema hivyo tu. Kama ilikuwa jibu au ugonjwa, hatukuwahi kubishana.

Alikufa Jumatatu alfajiri, tukamzika siku ileile. Yale maneno ya siku nyingine alikwenda nayo.

Jumanne mchana, tukiwa bado tumekaa matanga, alikuja mtu kwa baiskeli, amejifunga gurudumu jipya mgongoni kwa kamba, tope limemrukia mpaka kwenye kope. Alikuwa fundi. Mlinzi wa kizuizi alikuwa amesikia kwa watu wa barabara kwamba tumeangukia ng'ambo ya Sitalike, akapeleka habari mjini kwa mpita njia. Fundi aliichukua ile ringi ya Ijumaa dukani, akaifunga spoku zote arobaini, akafunga kazi yake, akaja.

Nilipomwona nilijiandaa. Msibani ndipo mtani ana ruhusa kubwa kuliko zote. Angeweza kulala njiani na kudai kuku ndipo anyanyuke, angeweza kuniiga ninavyoanguka, na watu wangecheka na msiba ukawa mwepesi. Kwa kweli nilikuwa natamani afanye hivyo. Hakufanya. Alishuka, akavua kofia, akawapa mkono wazee mmoja mmoja. Aliponifikia mimi alinishika mkono na kuniambia pole, jina la utani hakulitaja. Nadhani hakuna tusi lake hata moja lililowahi kuniuma kama ile pole.

Alibadilisha gurudumu. Alipomaliza, mke wangu alimletea maji ya kunawa, naye akasimama kuyapokea kwa mikono miwili. Mimi nilikuwa nimekaa karibu, kwenye gogo.

"Shemeji, nisamehe," alimwambia. "Mimi ni mtani wake, nikisema kweli anaona mzaha. Ilinipasa nikuambie wewe."

Nilitazama chini. Nilijua sasa atajua, na nilingoja ageuke anitazame. Nilikuwa nimemficha jambo lile siku sita nzima. Nilidhani kwamba siku ile barazani yeye aliona utani kama walivyoona wote, na njia nzima nilikuwa natafuta jinsi ya kumwambia kwamba mume wake alionywa akacheka.

"Nilikusikia, fundi," mke wangu alisema. "Nilijua siku ile husemi utani."

Fundi alibaki na maji mikononi. Mke wangu alinigeukia mimi, na sauti yake haikuwa na ukali wowote. "Ningekuambia, ungengoja treni."

Nilikuwa na umri wa kubisha kila kitu, na neno hilo sikulibisha, kwa sababu lilikuwa kweli. Ningengoja. Angeniambia kwamba fundi anasema kweli, ningeketi kitako Kawajense mpaka Ijumaa, nikiwa na sababu nzuri, nikimwambia kila jioni awe na subira. Alikuwa ameshanipa shauri la miguu nikalikataa. Kati ya kungoja nami na kupanda gurudumu alilojua litavunjika, alichagua gurudumu, akakaa juu yake na mzigo mapajani, akanisikiliza njia nzima nikimcheka aliyetuonya. Mimi nilikuwa nadhani nampeleka kwao. Kumbe alikuwa anahesabu ni wapi litatuacha, na kutoka hapo imebaki njia kiasi gani ya kutembea.

Fundi aliondoka kesho yake. Alipokwisha kupanda baiskeli yake alinitazama, nikaona anataka kusema neno na hajui alisemeje. Nikamwambia Mfipa asafiri salama na asinyeshewe na radi yake mwenyewe. Alicheka kidogo, akaniita mpagazi, akaenda. Tuliendelea na utani wetu miaka yote niliyokaa Mpanda. Ila tangu hapo, baiskeli yangu ilipokuwa na ubovu wa hatari, hakuniambia mimi. Alikuwa anaacha kazi saa ya chakula, anakuja mpaka nyumbani, anasimama nje ya uzio na kumwita shemeji yake, anamwambia yeye.

Sisi tulikaa mpaka matanga yakaanuliwa. Asubuhi ya kurudi nilitoa baiskeli, nikafuta tandiko, nikafunga mzigo, nikabonyeza gurudumu jipya kwa mkono. Lilikuwa limenyooka kama mstari wa rula. Nilipanda, nikaweka mguu mmoja chini, nikangoja aone nimekaa sawa naye apande kama kawaida yake.

Alikuwa ameshapita mbele. Alikuwa anatembea na ile hatua yake ndefu, kanga ya mama yake mabegani. Nilishuka. Niliikokota baiskeli nzima, yenye magurudumu mawili mazuri, mpaka nikamfikia, nikaiweka upande wa nje wa barabara ili tutembee sambamba. Tulikwenda hivyo mbuga yote, tukavuka mto, tukapita Sitalike, tukasimama kwa mlinzi akatupangusa na wavu wake.

Tulifika Kawajense siku ya tatu, jua bado liko juu.